Omo, Bapa na Uma: Istilahi za Kiswahili katika Utambuzi wa Ostrakodi wa Baharini

Suala la msingi katika mhadhara huu ni hili: je, Kiswahili kinaweza kumweleza mnyama mwenye urefu wa milimita 3 hivi kwa usahihi unaotosha kumtofautisha na jamaa zake? Mfano ulioteuliwa ni Vargula hilgendorfii, ostrakodi wa pwani za Japani, aliyeelezwa kisayansi na G. W. Müller mwaka 1890 kwa jina la Cypridina hilgendorfii. Wajapani humwita umihotaru, yaani kimulimuli wa baharini.

Ostrakodi ni krasteshia, ndugu wa kaa na kamba. Hata hivyo, mwili wake wote umefunikwa na gamba lenye pande mbili zilizoungana mgongoni kwa bawaba, kiasi cha kudhaniwa kuwa ni chaza mdogo. Hapa ndipo istilahi inapopimwa. Gamba la chaza hukua pamoja naye maisha yake yote; ostrakodi hulivua lake kila anapojibadua, hata akapevuka. Iwapo neno moja litatumika kwa wote wawili bila ufafanuzi, mwanafunzi atapotoka tangu mwanzo. Inapendekezwa, basi, kwamba kwa ostrakodi neno gamba litaje kifuniko kizima, na kila upande uitwe bapa: bapa la kulia na bapa la kushoto.

Mbele ya gamba pana sehemu iliyochomoza, na chini yake pengo ambamo papasi za pili hupita ili kuogelea. Kilatini huita sehemu hiyo rostrum, neno lililotaja mdomo wa ndege na pia ncha ya mbele ya merikebu. Neno mdomo halifai hapa, kwa kuwa mnyama huyu ana mdomo wa juu wenye kazi nyingine kabisa. Mabaharia wa Kiswahili wanalo neno omo. Kwa hiyo, omo na pengo la omo.

Ndani ya gamba mna jozi saba za viungo. Jozi ya saba ni mirefu mithili ya minyoo, nayo husafisha nafasi ya ndani ya gamba. Nyuma kabisa pana uma wenye kucha. Kilatini nacho kiliuita furca, yaani uma. Katika mdomo wa juu mna tezi zinazomwaga lusiferini na lusiferasi, ambazo zikikutana katika maji ya bahari hutoa mwanga wa buluu. Mwaka 1956, Osamu Shimomura alifaulu kuifanya lusiferini hiyo kuwa fuwele.

Ikumbukwe kwamba mwanga pekee hautambulishi spishi, kwani ostrakodi wengine pia hung'aa. Mtambuzi hulazimika kufungua gamba, kubaini jinsia, kisha kuchunguza umbo la omo, nywele za jozi ya saba na kucha za uma. Jinsia ni muhimu kwa sababu dume ana vifyonzi katika papasi za kwanza, navyo jike hana. Asiyelijua hilo anaweza kuwahesabu dume na jike kuwa spishi mbili.

Upo pia upatanisho wa kisarufi. Neno ostrakodi, ingawa ni la mkopo, linataja kiumbe hai. Hivyo husemwa ostrakodi huyu anaogelea, si ostrakodi hii inaogelea. Viungo vyake hufuata ngeli zao.

Neno ostrakodi lenyewe linatokana na Kigiriki ostrakon, lenye maana ya gamba au kigae. Wataalamu wa Ulaya, basi, waliokota istilahi zao jikoni, shambani na melini, wakazipa mipaka. Kiswahili hakikosi maneno ya aina hiyo; kinachohitajika ni kuyawekea mipaka na kuyatumia kwa uthabiti. Mwanafunzi anayekariri rostrum na furca bila kujua maana zake ana majina mkononi, lakini mnyama bado hajamwona.