Kukereza Kalamu za Mpingo Zilizotiwa Njumu
(Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano wa Sherehe ya Miaka 10)



Habari za korosho na ufuta zimekwisha kuelezwa vema na waliotutangulia. Sisi wa ofisi tumeagizwa tueleze kazi ya karakana, yaani kukereza kalamu za mpingo zilizotiwa njumu. Wako wanachama wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, chama cha wakulima kina shauri gani na kalamu. Kerezo ilinunuliwa kwa fedha za wote. Basi yapasa wote waijue kazi yake kabla hamjaamua iendelee au ifungwe.

Kazi hii si ngeni kwetu. Matendegu ya vitanda vya kale vya Pwani yalikerezwa, na viti vya enzi vilitiwa njumu za mfupa na pembe. Kilicho kipya ni udogo wa kitu na ukali wa kipimo.

Mpingo hukua polepole mno. Hukadiriwa kwamba miaka 70 na zaidi hupita kabla haujafaa kupasuliwa. Kiini chake ni cheusi, tena kizito hata huzama majini, na kwa ajili hiyo mafundi wa klarineti na oboi wanautafuta toka mbali. Lakini magogo yake mara nyingi yamepinda na yana nyufa, na mabaki yasiyofaa kwa zumari ni mengi. Mabaki hayo huishia mekoni. Kalamu moja inataka kijiti cha milimita 20 kwa 20, urefu wa milimita 130 tu. Hapo ndipo penye faida yetu: twaweza kuuza kile ambacho jana kilichemsha chai.

Kwanza ni kukausha. Vijiti hupakwa nta kwenye ncha zote mbili, ili maji yasitoke upesi kwa ncha na kuupasua mti, kisha huwekwa kivulini. Kila kijiti huandikwa uzito wake, nacho hupimwa tena na tena mpaka uzito ukome kupungua. Ninyi mnaouza korosho mnajua ubishi wa unyevu ghalani. Mizani haina mjomba wala shangazi. Kijiti kibichi kikikerezwa leo, kalamu itapasuka ikiwa mfukoni mwa mnunuzi.

Pili ni njumu. Kijiti hukatwa mshazari kwa msumeno mwembamba, nyuzi 45, lakini hakikatwi mpaka mwisho. Huachwa kipande chembamba kinachoshika pande zote mbili zisihame. Katika mkato huo hutiwa ubao mwembamba wa mwembe uliokoma kuzaa. Unene wa ubao huo lazima ulingane na njia ya msumeno. Kwa kuwa mpingo una mafuta, hupanguswa kwanza kwa spiriti, ndipo ukapakwa gundi na kubanwa kwenye jiriwa. Gundi ikikauka, kijiti hugeuzwa upande wa pili na kukatwa vivyo hivyo, mpaka pande zote nne zimalizike, na kila mkato uanzie umbali ule ule kutoka nchani. Kikishakerezwa kuwa mviringo, vibao vile vinne huonekana kama pete nne nyeupe zilizosukwa pamoja. Ubao ukizidi au ukipungua unene, hata kwa kiasi cha karatasi, pete hazikutani, na kijiti chote ni hasara.

Tatu ni kutoboa. Tundu la milimita 7 hupita katikati ya kijiti. Keekee haisukumwi kwa nguvu; huingizwa kidogo, ikatolewa, unga ukapunguka na joto likashuka, maana joto huyeyusha gundi na kupasua mti. Ndani ya tundu hutiwa neli ya shaba kwa gundi, kisha ncha husawazishwa.

Nne ndiyo kukereza kwenyewe. Kijiti huvikwa ufito wa chuma na kuzungushwa. Patasi iwe kali, na mkono uwe mwepesi. Hapa pana jambo linalowashinda wengi: vumbi jeusi la mpingo huingia katika vinyweleo vya mwembe na kuutia weusi. Fundi mwema humaliza kwa patasi kali, hupaka lakiri nyepesi ya kuziba vinyweleo, ndipo akasugua kwa msasa wa 240, wa 400 na wa 600, akipuliza vumbi kila mara. Vumbi hilo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Kwa hiyo asiyefunika pua na macho haruhusiwi kusimama mbele ya kerezo, awe mwanafunzi au fundi mkuu.

Ndugu Wanachama, sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Hofu ya wazee ni kwamba faida ya kalamu itawavuta vijana kukata miti mizima. Hofu hiyo ni ya haki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga misitu yao na kupata mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Wilaya ya Kilwa vikawa vya kwanza katika Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Toka Januari 2017 mpingo umo katika Nyongeza ya Pili ya Mkataba wa CITES, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa kwa vitu vilivyokamilika ambavyo mti wake hauzidi kilo 10 katika shehena moja. Yaani kalamu ina njia nyepesi kuliko gogo, lakini hati za nchini hazisameheki.

Kwa hiyo Halmashauri inawaombeni mkubali mambo matatu. Mosi, karakana ipokee mabaki tu, tena yenye hati ya kijiji yalikotoka. Kijiti kisicho na hati kirudishwe, hata kikiletwa na mjumbe wa Halmashauri. Pili, fundi alipwe kwa kalamu iliyokaguliwa na kukubaliwa, wala si kwa wingi wa alizokereza. Tatu, daftari la vijiti lisomwe mbele yenu katika kila mkutano mkuu, kama lisomwavyo daftari la korosho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkiyakataa haya, ni afadhali kerezo iuzwe na fedha zirudi katika mfuko wa pembejeo. Mkiyakubali, mti uliokua umri wa babu hautakuwa jivu la siku moja, na vijana wetu watapata ujuzi wa mikono ambao hautegemei mvua. Kura ni yenu.