Miaka 58 na breve ya kupiga mbizi

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanachama, Bukavu)



Munajua kwa nini tuko hapa. Baba mmoja wa chama chetu, miaka 58, aliandika barua ya kuomba mkopo kwenye sanduku letu. Hakuomba mtaji wa biashara. Aliomba nauli na ada ya kwenda Zanzibar kusomea kupiga mbizi kwa chupa ya hewa mugongoni, arudi na breve. Watu walicheka. Mumoja akasema: "Muzee wa miaka 58, anaenda kutafuta nini chini ya maji?" Tuseme ukweli, na sisi tulicheka. Kisha komite ikatutuma tuulize, tuje tuwaelezee. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza, umri. Wanaotoa breve hizo wanaweka umri wa kuanzia, hawaweki wa kumalizia. Kinachoulizwa ni mwili. Kabla ya kuingia majini unajaza fomu ya afya, na aliyepita miaka 45 ana maswali yake: unavuta sigara? Presha iko juu? Kuna ndugu wa damu aliyekufa kwa moyo akiwa bado kijana? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, unaenda kwa daktari mpaka akusainie. Sisi wa mashirika tunajuaka fomu, na tunajua watu wanazijazaka vipi wakitafuta musaada. Hii hapana. Mwili ukizama, maji yanasukuma damu kutoka miguuni kuja kifuani, na moyo unaongezewa kazi. Mwenye presha isiyotibiwa, moyo unaweza kumkataa akiwa chini, na huko hakuna wa kumwita.

Pili, kuogelea. Kwa breve ya kwanza wanataka uogelee mita 200 bila kusimama, hata polepole, na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Baada ya hapo kuna masomo, mazoezi kwenye maji ya kina kidogo, na kuzama mara nne na mwalimu. Breve hiyo inakuruhusu kufika mita 18, basi. Sheria kubwa ni mbili: usizuie pumzi, na usipande haraka. Hewa unayovuta chini imebanwa na maji. Ukipanda inatanuka, na ukiwa umeizuia inaweza kupasua mapafu.

Tatu, ziwa letu. Masomo ya Zanzibar yanafanyika usawa wa bahari. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu 770. Kuanzia mita 300 tu, wapiga mbizi wanabadilisha hesabu zao, juu hewa ya milimani ni nyepesi na mwili unarudi juu kwa namna ingine. Kwa hiyo mwenye breve ya pwani hawezi kufika hapa na kujitupa majini na hesabu za pwani. Anahitaji somo lingine.

Baada ya kupata hayo yote, tulienda kumuona yule baba kwake. Tulimuuliza swali ambalo hakuna mutu alikuwa amemuuliza: baba, kwa nini?

Akatuambia. Mwaka 1996 alitoka Fizi usiku, akavuka Tanganyika kwa mutumbwi mpaka Kigoma, na bibi na mutoto, bila kujua kuogelea. Akaishi Nyarugusu miaka mingi. Kurudi, tena maji. Leo biashara yake ni ya Bukavu na Goma, kila wiki kwenye boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, ile boti Merdi iliyotoka Minova ilipozama karibu na Kituku, watu wakiwa ng'ambo wanaangalia, yeye hakulala. "Nimevuka maji maisha yangu yote kama gunia," akasema. "Sitaki kufa kama gunia."

Hapo tuliacha kucheka.

Tulimujibu kwa heshima: baba, kwenye boti zetu watu wanakufa juu boti imejazwa kupita kiasi, jile hazitoshi, na wengi hawajui kuelea. Mupiga mbizi anafika nyuma ya hasara, kutafuta maiti. Anayejua kuelea anaweza kungoja musaada akiwa muzima. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Na kuelea, nani atanifundisha kwa umri huu?"

Ndiyo hivyo ilianza. Sasa kila Jumamosi asubuhi watu saba wanaingia ziwani, mahali maji yanafika kifuani, na kijana anayejua kufundisha na kamba kwenye mti. Mukubwa wao ana miaka 63. Kabla ya siku ya kwanza wote walipimwa presha kwenye kituo cha afya. Ya baba yetu ilikuwa juu, na yeye hakujuaka. Alianza dawa, akaingia majini wiki tatu nyuma ya wengine. Leo anaelea dakika nne. Bamama wawili wanamushinda, na wanamukumbusha kila Jumamosi.

Kwa hiyo tunaomba chama kikubali mambo matatu. Moja, kotizasio ya miezi miwili inunue jile, na mwanachama anayesafiri kwa boti aazime, arudishe. Mbili, kila mwanachama aliyepita miaka 45 apimwe presha, aogelee asiogelee. Tatu, barua ya baba isitupwe. Siku ataogelea mita 200, ataelea dakika 10, na daktari atasaini, tuifungue tena hapa na tuizungumzie kama mkopo mwingine wowote.

Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi. Njooni na nguo ya kubadilisha.