Malisho ya Novemba: Mvua Zinapochelewa Kitomanga

Mada kwa semina ya wafugaji na wakulima



Nianze na jambo ambalo kila aliyemo humu ameliona. Chukueni Novemba yoyote. Kusi imekwisha, kaskazi bado haijashika, mawingu yanapanda baharini upande wa Mchinga halafu yanatawanyika. Ng'ombe anahesabika mbavu. Anaokota majani makavu chini ya mkorosho, anatafuna boksi, anavuta khanga iliyoanikwa. Jioni ndama anapiga kiwele kwa kichwa na hakuna kinachotoka. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa: mvua imechelewa.

Leo nimekuja kubisha. Mvua zetu za msimu tunazitarajia Novemba au Desemba, zinatuaga Aprili au Mei. Ni mwaka gani hazikuchelewa wiki mbili tatu? Wiki hizo haziui ng'ombe. Anauawa na hesabu yetu wenyewe: Mei majani yamemfika mtu kifuani, Septemba tumeyatia moto, Novemba tunayatafuta.

Ulaya wana shida inayofanana na hii. Majira ya baridi yakirefuka, majani ya farasi yanaisha ghalani na shambani hakujachipua kitu. Sisi farasi hatuna, mbung'o hawamruhusu kukaa hapa, lakini kuna jambo moja la kuiga kwao: wao wanajua ghala lina nini, maana wamelijaza wenyewe. Sisi ghala letu ni pori, na pori hatulihesabu.

Na makundi makubwa ya ng'ombe ni mageni katika mkoa wetu wa Lindi. Wenyeji wa huku walizoea kuku na mbuzi wachache. Ng'ombe wengi walikuja baada ya 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji Bonde la Usangu, kule Mbarali, ili kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mfugaji akashuka kwenye lori na ng'ombe wake, akakuta ufuta, mihogo na mikorosho. Mengine mnayajua, na kesi zake mmezisikiliza wenyewe barazani.

Kinachonisikitisha ni kwamba ujuzi tunaouhitaji ulishuka kwenye lori lilelile. Wasukuma miongoni mwa wafugaji hao wana desturi ya ngitili. Ni eneo linalofungwa wakati wa masika, hakuna kuingiza mnyama, majani yanakua na kukaukia pale pale, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza, wakitangulia ndama na wale dhaifu. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliegemea utaratibu huohuo wa wenyeji kurudisha miti na nyasi kwenye ardhi iliyokuwa imebaki kipara. Nimewauliza wazee wa Kisukuma hapa kwa nini hawana ngitili Kitomanga. Mmoja alinijibu kwa swali: "Mwanangu, nitafungaje mlango wa nyumba ambayo si yangu?"

Hapo ndipo penye kidonda. Anayejua kutunza majani hana uhakika na ardhi, na mwenye ardhi haoni faida ya majani, kwake ni maficho ya nyoka na kikwazo cha kulima, basi anawasha kiberiti. Sheria haikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ipo, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 ipo. Kupitia mkutano wake mkuu, kijiji kina uwezo wa kutenga eneo, kuliwekea mipaka na kupitisha sheria ndogo ya moto. Tunachokosa ni kukaa Mei na kukubaliana. Novemba watu wana njaa na hasira, mapatano hayapatikani.

Eneo likishatengwa, majani yake tunaweza kuyafunga yawe akiba. Sasa marobota. Sanduku lile mnaloliona pale nje ni la mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, halina kitako wala kifuniko. Unalaza kamba mbili, unajaza majani yaliyoanikwa, mtu anapanda juu anakanyaga, unaongeza, anakanyaga tena, unafunga, unanyanyua sanduku. Robota linatoka na kilo 20 hivi. Siri iko kwenye siku ya kukata. Kata yanapoanza kutoa maua. Ukingoja yapukutishe mbegu umefunga vijiti. Na anika kivulini au geuza mara kwa mara, yabaki na ukijani. Yakiwa meupe kama karatasi, uzuri wake umeondoka na jua.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anataka kilo 6 hivi za majani makavu kwa siku. Pengo la siku 45 ni kilo 270, yaani marobota 14. Mwenye ng'ombe 80 angehitaji zaidi ya 1,100, na simwambii mtu akafanye hivyo. Robota ni la mwenye mimba, la anayenyonyesha na la ndama. Madume ya ziada yauzwe Agosti yakiwa bado na mgongo. Najua neno hili halipendwi bomani. Lakini anayeuza dume Novemba anauza ngozi iliyofunika mifupa.

Kuna chakula kingine ambacho kwa kweli tunakitupa: mabibo. Kila kilo ya korosho inaacha kilo 5 hadi 10 za mabibo, na yanaanguka Oktoba na Novemba, wakati uleule wa njaa! Brazili makapi yake wanawalisha kondoo na mbuzi. Sisi machache tunakamulia pombe ya uraka (sitaji majina, wengine wako mstari wa mbele), mengi yanaoza. Bibo halilali. Ng'oa korosho kwanza, maana mafuta ya ganda lake yanababua mdomo, kisha pasua, anika mkekani mpaka likunjamane. Lina sukari, protini haba. Changanya na majani ya mbaazi au ya muhogo. Ya muhogo yanyauke na kukauka kabisa kwanza, mabichi yana sumu, na nimeshaona mbuzi watatu wakilala kwa kosa hilo. Maganda ya muhogo vivyo hivyo.

Mashudu na molasi nimeviacha makusudi. Vinategemea lori, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita tuliona barabara ya Dar es Salaam ilivyokatika kule Somanga.

Mwisho, mvua ikinyesha. Siku ya tano ardhi inakuwa kijani na kila mtu anafungulia zizi. Ng'ombe anatembea kutwa akifukuza kijani hicho, anaharisha, na machipukizi yanang'olewa kabla hayajashika mizizi. Yapeni wiki mbili tatu. Kwa hiyo mnapohesabu marobota, msihesabu mpaka siku ya mvua ya kwanza, hesabuni mpaka wiki ya tatu baada yake.

Slesha ziko tatu pale chini ya mkorosho, na majani nyuma ya ofisi ya kijiji yameanza kutoa maua juzi. Mwenyekiti akituruhusu, tutoke kabla jua halijawa kali.