Kipaza Sauti Kimoja kwa Sauti Zote

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kipaza sauti, yaani kile chombo kilichomo ndani ya redio ambacho ndicho kiwafikishiacho maneno yangu. Wanunuzi wengi huuliza dukani: sanduku lenye kipaza kimoja tu lafaa, au ni afadhali lile lenye viwili au vitatu?

Kwanza yafaa tujue kifanyavyo kazi. Ndani mna karatasi ngumu iliyofanyizwa kama faneli, na shingoni mwake umezungushwa waya mwembamba, nao umekaa kati ya sumaku. Umeme upitapo, waya husukumwa mbele na nyuma, karatasi ikaufuata, na hewa ikatikisika. Wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza namna hii mwaka 1925, na hata leo vipaza vilivyo vingi hutengenezwa vivyo hivyo.

Taabu yaanzia hapa. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo 20 kwa sekunde hata 20,000. Sauti nene zahitaji karatasi pana, iendayo mbali. Ukishuka kutoka mitetemo 100 hata 50, nawe wataka nguvu ya sauti ibaki ile ile, mwendo wa karatasi hauna budi kuwa mara nne ya ule wa kwanza. Sauti nyembamba zataka kinyume chake, kitu kidogo na chepesi. Wimbi la mitetemo 10,000 lina urefu wa sentimeta 3 na nusu hivi. Likitoka katika karatasi yenye upana wa sentimeta 20 halitawanyiki chumbani, bali huenda mbele kama mwanga wa kurunzi. Aketiye mbele husikia wazi, na aketiye kando hupungukiwa.

Ndiyo sababu mafundi waliigawa kazi, kipaza kikubwa kikapewa sauti nene na kidogo sauti nyembamba. Lakini sauti ya mtu mmoja ikikatwa, sehemu itoke hapa na sehemu pale, na kazi ikiwa mbaya, mshono husikika. Kipaza kimoja hakina mshono. Maneno yote hutoka mahali pamoja, kama yatokavyo kinywani. Simu ya zamani ilipitisha mitetemo 300 hata 3,400 tu, na watu walitambuana vizuri. Basi kwa habari, hotuba, na mwimbaji mmoja na udi wake, kipaza kimoja kilicho chema chatosha kabisa, na kwa maoni yangu mara nyingi chashinda.

Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, mhandisi Paul Voigt alijaribu kukiponya kisigawanywe. Alitia karatasi ndogo katikati ya ile kubwa kwa ajili ya sauti nyembamba, na kwa sauti nene alikifunga kipaza katika baragumu kubwa la kukaa pembeni mwa chumba. Dawa ilifaa, ila chombo kilikuwa kikubwa kama kabati, na si kila nyumba ina nafasi hiyo.

Ngoma ndizo hukishinda. Ukifungulia sana, karatasi itupwayo huku na huku na ngoma ndiyo hiyo hiyo ibebayo maneno ya mwimbaji, nayo huharibika kama mwandiko wa mtu aandikaye barua ndani ya gari katika njia ya makorongo. Mwenye kupenda ngoma nzito, au mwenye kuchezesha watu arusini, na anunue vilivyogawanywa.

Lakini usihesabu matundu tu. Uwapo dukani, omba upigiwe sauti ya mtu umjuaye. Isikilize ukiwa mbele, kisha sogea kando, kisha ifunguliwe kwa nguvu. Ukilifikisha sanduku nyumbani, liweke karibu na ukuta, maana ukuta huongeza sauti nene, na ulielekeze pale wanapoketi wazee.