Tusiwaache Njiani: Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano Mkuu

 

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana na wana Mbinga wote mlioacha shughuli zenu jijini mkaja: hesabu za mwaka mnazo mikononi. Sisi wa Kamati ya Fedha tunaomba kusema jambo moja ambalo kwenye jedwali halionekani.

Mfuko wetu wa elimu ulimlipia binti yetu mmoja tangu kidato cha tano hadi shahada ya kwanza ya fizikia. Akapata ufadhili nje, akasoma hadi uzamivu katika kosmolojia, yaani elimu ya chanzo na ukuaji wa ulimwengu. Mwaka juzi aliitwa kwenye usaili wa uhadhiri hapa nchini. Akatuandikia kuomba nauli. Tukamjibu kwamba mfuko unaishia shahada ya kwanza. Hakuja. Nafasi ikatangazwa upya, naye akasaini mkataba mwingine wa miaka miwili ughaibuni.

Kanuni tuliifuata. Lakini tulikuwa kama mkulima aliyetunza mibuni miaka mitatu, kahawa ikaiva, kisha akagoma kulipia gari la kuipeleka chamani.

Ndugu zetu, njia ya kazi hii ni ndefu kuliko tulivyodhani. Ughaibuni, baada ya uzamivu, mtu hupewa mikataba ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi zaidi ya mmoja, kabla ya kufikiriwa kwa nafasi ya kudumu. Kila ombi lina wasifu, maelezo ya utafiti na barua za maprofesa, na nafasi moja hugombewa na watu wengi mno. Hapa kwetu nako, kuanza ukufunzi msaidizi kunataka wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU. Kila hatua ina gharama ndogo ndogo, na hapo ndipo kijana asiye na mjomba mwenye uwezo anapokwama.

Mzee wetu mmoja ameuliza: nyota zitatusaidia nini na shule zetu hazina walimu wa fizikia? Mzee, jibu limo ndani ya swali lako. Walimu wa fizikia hufundishwa na wahadhiri wa fizikia. Anayeweza kukokotoa umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, ndiye atakayemfundisha mwalimu wa kata yetu hesabu za mwendo na mwanga. Tena mtafiti wa nadharia hana gharama kubwa: hahitaji darubini ya mabilioni, anahitaji kompyuta, intaneti ya uhakika na muda wa kufikiri.

Wala si ndoto za mbali. Afrika Kusini ilizindua MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64, mwaka 2018. Neil Turok, mwanakosmolojia aliyeanzisha taasisi ya hisabati ya AIMS mjini Cape Town mwaka 2003, utotoni aliishi hapa Tanzania na wazazi wake wakimbizi wa siasa. Bara linataka watu hawa. Swali ni kama wa kwetu watafika mlangoni.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo. Katika kila shilingi 100 zitakazochangwa leo, shilingi 10 ziwe za hatua ya mwisho: nauli ya usaili, ada za kuthibitisha vyeti, na kompyuta kwa anayeanza kazi. Ziwe za kila fani, si nyota peke yake. Atakayepata ajira atarejesha kidogo kidogo, na taarifa tutaisoma hapa hapa kila mwaka.

Binti yetu mkataba wake unaisha mwakani. Safari hii akiandika, tuwe na jibu lingine.