Nauli ya Watoto wa Kwaya

Msikilizaji wa Tumati, wilayani Mbulu, mzazi na mwalimu, sikiliza.

Kwaya ya shule ikifuzu UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, watoto husafiri. Sauti wanazo. Ngoma ya Kiiraqw wanaijua. Kinachokwama ni nauli na chakula cha njiani.

Anzeni mapema. Kamati ya shule ikae mwanzoni mwa mwaka, itenge fungu la safari, kisha iandike barua kwa halmashauri. Barua ya wiki moja kabla ya safari haisaidii, tuseme ukweli.

Mzazi naye anaweza kuchangia, kwa hiari. Narudia: kwa hiari. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mtoto harudishwi nyumbani eti mzazi hajachanga. Huna fedha? Peleka debe la mahindi au maharage. Kamati iuze, na fedha iingie akaunti ya shule, kwa stakabadhi.

Njia nyingine, nami naipenda zaidi: siku ya mnada, kwaya iimbe mbele ya watu. Watu watawatunza. Mwalimu na mjumbe wa kamati wahesabu pamoja, hadharani.

Kikao kijacho cha wazazi, nyoosha mkono, uliza: fungu la safari lipo?