Mzigo wa Moyo Hudhoofisha Kinga ya Mzee

Mada kwa wakazi wa Kata ya Igowole, Halmashauri ya Wilaya ya Mufindi



Bibi au babu anayelea wajukuu peke yake si jambo geni katika mkoa huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Iringa ni asilimia 11.1, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa miaka mingi ugonjwa huo umeacha yatima mikononi mwa wazee. Mlezi huyo huamka katika baridi ya Juni kutafuta kuni, na usiku hulala akiwaza chakula na sare za shule. Majonzi hayo hayaishii moyoni. Hufika hadi kwenye damu.

Mtu anapopata msongo, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Kwa muda mfupi homoni hizo humsaidia kuikabili hatari. Zikibaki juu kwa miezi mingi, huleta madhara. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zinapokutana na vijidudu hulazimika kuongezeka upesi, na kazi hiyo hutumia sukari nyingi. Kotisoli huzipunguzia uwezo wa kuiingiza sukari hiyo, hata pale inapokuwa tele kwenye damu.

Uzee nao huongeza mzigo wake. Ndani ya chembe hizo mna mitokondria, mfano wa majiko madogo yanayozalisha nishati. Kadiri miaka inavyosonga, majiko hayo hutoa moto kidogo na masizi mengi. Tezi ya thaimasi iliyo kifuani, inayokomaza baadhi ya askari hao, nayo husinyaa. Hivyo mzee mwenye msongo wa muda mrefu hubaki na askari wachache, tena wenye njaa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwafanyia kidonda kidogo cha majaribio wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Vidonda vyao vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9 kuliko vya wenzao wasiokuwa na mzigo huo.

Ndugu wananchi, mzee aweza kuugua nimonia bila homa kali. Akikataa chakula, akilegea au akichanganyikiwa ghafla, apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki 2 kipimwe kifua kikuu. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo aonane na mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii ili atambuliwe kwa matibabu bila malipo, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilivyoelekeza.

Jirani naye asisubiri kuitwa. Kumchotea bibi maji, kumpasulia kuni au kukaa na wajukuu wake ili apate usingizi ni sehemu ya tiba. Kidole kimoja hakivunji chawa.